Tairi Tukufu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na hiyo ni bahati ya ramani. Msihangaike kuitafuta. Ukiona umeitambua, hayo ni macho yako, mimi sikukuonyesha. Mimi ni fundi pancha tu, Pazi Mwinchande, nimeishia darasa la tano, na ninayoyaandika hapa mengine nimeyaona na mengine nimeyashika kwa vidole.

Nchi hiyo ina barabara kuu moja, bendera moja na kichwa kimoja. Kichwa chenyewe ni cha Mtukufu Kiongozi Mkuu, na hakina nywele. Sisemi kwa ubaya. Wapo watu wengi wazuri wasio na nywele. Babu yangu mzaa mama alikuwa akikaa juani anang'aa kama sahani ya bati, na tulimtania mpaka kaburini, hakufungwa mtu. Lakini babu yangu hakuwa na Wizara ya Habari.

Mambo yalianzia redioni. Ajali zilikuwa zimezidi, na Idara ya Usalama Barabarani ikafanya kitu ambacho ilikuwa haijawahi kukifanya, yaani kazi. Ikatoa tangazo la maana. Msomaji wa taarifa ya saa saba mchana, bwana mmoja mwenye sauti nzito iliyowatuliza wagonjwa, akasoma kwanza kwamba Mtukufu Kiongozi Mkuu ataanza ziara ya barabara katika mikoa ya kusini. Akageuza karatasi. Halafu akasoma, bila hata kupumzika:

"Vipara vyote viondolewe barabarani kabla ya Ijumaa. Kipara ni hatari kwa maisha ya wananchi. Ukiona kipara kinakuja, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe."

Kwa wasiojua kazi yetu: tairi likilika mpaka likawa laini, mafundi tunaliita kipara. Hatuna jina jingine, wala dereva hana, wala abiria. Lakini siku ile nchi nzima ilicheka dakika mbili. Dakika ya tatu umeme ukakatika. Msomaji yule akapelekwa masomoni, na nadhani somo ni gumu, maana hadi leo hajafaulu.

Bunge likakaa kwa dharura na kupitisha Sheria ya Heshima ya Kichwa. Neno lile, umoja wake na wingi wake, likafutwa katika lugha. Mbunge mmoja aliyekuwa amesinzia akashtuka na kuuliza, "Neno gani?" Akatolewa nje, kwa kuwa jibu la swali lake lilikuwa kosa la jinai. Vinyozi wakapewa orodha mpya ya mitindo, na ule wa kunyoa zote ukaitwa Uongozi. Unakaa kwenye kiti unasema, "Ninyoe Uongozi." Watumishi wa serikali wote wakanyoa Uongozi, hata ambao walikuwa na nywele zao nzuri tu.

Kwa vichwa ilikuwa rahisi. Kwa matairi ikaundwa tume. Wataalamu kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika spana, wakakaa miezi saba, wakatoka na fomu mpya ya ukaguzi. Tairi jipya likaitwa "changa, halijaaminika". Lililolika nusu likaitwa "lenye uzoefu". Na lile lililokwisha kabisa, laini kama kiganja, likaitwa "tairi tukufu". Sababu waliitoa wazi: haiwezekani kitu kinachofanana na Mkuu wa Nchi kiwekwe daraja la chini.

Basi lenye matairi tukufu likapewa stika ya dhahabu. Likifika kwenye kizuizi, askari hawalisimamishi, wanalipigia saluti. Lenye matairi mapya ndilo linalowekwa kando, linakaguliwa mpaka chini ya viti, dereva anaulizwa ana haraka ya kwenda wapi na matairi machanga hivyo.

Wenye mabasi si wajinga. Wakaanza kuniletea matairi mapya kabisa, yananukia mpira.

"Fundi, huwezi kulisugua kidogo hili, nalo lipate cheo?"

Nikawafukuza. Wakaenda kwa wenzangu.

*

Marehemu mke wangu aliitwa Siwema binti Mgaya. Nilikaa naye miaka ishirini na sita. Alikuwa na maneno mengi na mimi machache, kwa hiyo kwa wastani nyumba ilikuwa na maneno ya kutosha. Sasa ina yangu tu.

Mwezi wa nne, dada yake alijifungua mapacha huko Lutende. Siwema akafunga unga wa uji, kanga mbili na chupa ya mafuta ya nazi, nikamsindikiza stendi asubuhi. Wingu lilikuwa limetanda. Basi liliitwa Tumeshafika, na lilikuwa na stika ya dhahabu kubwa kama sinia.

Mtu wa kazi yangu hawezi kupita karibu na gari asiguse tairi. Nikapeleka kiganja kwenye tairi la mbele kushoto. Kiganja kikateleza kama kwenye shavu la mtoto.

"Konda," nikasema, "tairi hili limekwisha."

"Limekwisha nini, mzee? Si hilo hapo linaonekana?"

"Limelika."

"Hata wewe umelika na bado unatembea!"

Wakacheka abiria waliokuwa madirishani. Hata mimi, ningekuwa mtazamaji, ningecheka. Konda akaipigapiga ile stika kwa kofi. "Soma, mzee. Tukufu, mbele na nyuma. Ukaguzi wa jana."

Siwema alikuwa amekaa tayari, upande uleule wa kushoto. Nikasogea dirishani kwake.

"Mama Chausiku, shuka. Utapanda la saa sita."

"Baba Chausiku, usinitie aibu mbele za watu. Kwako kila gari lina ugonjwa."

"Nakwambia shuka."

"Kwa nini?"

Neno lilikuwa moja tu. Nalijua tangu nilipoanza kazi. Ningelisema, basi zima lingeelewa, kuanzia wazee hadi watoto waliopakatwa, na hakuna ambaye angebaki kwenye kiti. Lakini hatua mbili nyuma yangu alisimama Bwana Kilimba, Mkaguzi wa wilaya, kalamu mkononi, kichwa kimenyolewa Uongozi kinawaka, na alikuwa ameelekeza sikio kwangu kama mtu anayepima upepo. Wiki ile ile walikuwa wamemchukua muuza maembe aliyesema embe lake limeota kipara.

Nikasema, "Kwa sababu... tairi ni tukufu mno."

Siwema akacheka. "Basi tutafika kitukufu."

Likaondoka. Mimi nikabaki nimesimama na lile neno mdomoni, na mpaka leo sijapata mahali pa kulitema.

*

Sasa niwaeleze, maana serikali haitawaeleza. Tairi zima lina vipande vya mpira vilivyoinuka, na kati ya vipande kuna mifereji. Vile vipande sisi mafundi tunaviita kashata, kwa kuwa vimekatwakatwa kama kashata za nazi kwenye sinia. Watu wanadhani ni urembo. Si urembo. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani lazima yapate pa kupita, na yanapita kwenye ile mifereji, mpira unagusa lami. Kashata zikiisha, mifereji imeisha, maji hayana njia. Yanabaki kati ya tairi na barabara, gari linapanda juu ya maji. Hapo usukani ni wa kuchezea tu na breki ni ya kujifariji. Dereva anakata kona, gari linaendelea na safari zake.

Haihitaji mvua kubwa. Siku ile ilikuwa rasharasha tu. Kwenye mteremko wa Nyang'anda basi la Tumeshafika lilikwenda moja kwa moja mahali ambapo barabara ilipinda. Walikufa kumi na mmoja. Siwema alikuwa wa tatu kutolewa. Unga wa uji ulikuwa umemwagika, umelowa, umekuwa uji wenyewe.

Ripoti ya serikali ilitoka baada ya siku nne, haraka kuliko gari la wagonjwa. Ilisema chanzo cha ajali ni mvua kunyesha bila kutoa taarifa. Ilimlaumu pia aliyechora kona. Kuhusu matairi iliandika mstari mmoja: "Yote sita yalikutwa katika hali ya utukufu usiotiliwa shaka."

Halafu nikapewa cheti cha kifo. Katika nchi hiyo vifo vya barabarani husajiliwa na Wizara ya Mwendo na Mwelekeo, nadhani kwa kuwa anayezalisha ndiye anayehesabu. Nikakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye "Sababu ya kifo" walikuwa wameandika: *Kusafiri*.

Basi. Miaka ishirini na sita, mtoto mmoja, mikono iliyokuwa ikinukia mafuta ya nazi, ikafungwa kwa neno moja, kana kwamba kosa ni la kwake, angekaa nyumbani asingekufa. Nikaapa kwamba kile cheti kitaandikwa ukweli. Sikutaka kingine. Wengine walitaka rambirambi kutoka kwa Mtukufu. Mimi nilitaka maneno mawili.

*

Kwenye Dawati la Malalamiko nilimkuta dada mmoja, Hedwiga, mwembamba, kichwa kimenyolewa kama cha wenzake, amekifunika kwa kitambaa cha kijani. Alikuwa mtu wa kwanza serikalini kunipa kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuja kurekebisha cheti."

Akakisoma. "Pole, baba. Unataka tuandike nini?"

"Mwandike tairi lilivyokuwa."

"Lilikuwaje?"

Nikatazama mlangoni. Yeye naye akatazama mlangoni. Akainama, akanong'ona. "Baba yangu, nakuelewa kabisa. Lakini kanuni inasema cheti hakibadilishwi mpaka ipatikane hati ya serikali, yenye mhuri, inayosema hivyo unavyotaka kusema. Na hati yenye neno hilo hakuna. Hata mashine zetu, ukilipiga hilo neno zinajizima."

"Kwa hiyo?"

"Tafuta neno jingine. Mimi nitalipeleka juu kama lilivyo, nakuahidi."

Nikafikiri. Nikasema, "Andika kwamba tairi halikuwa na kashata."

Akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mlalamikaji anadai basi halikuwa na kashata.* Akalipeleka juu. Maskini, alitimiza ahadi.

Huko juu walikaa vikao. Sikujua. Wiki tatu baadaye nikaitwa stendi kwa barua yenye nembo. Nikakuta zulia jekundu, kwaya, na Waziri wa Mwendo mwenyewe juu ya jukwaa, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. Pembeni lilikuwa limesimama lori, limefunikwa turubai.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wapo wanaosema serikali hii haisikii. Ni waongo! Mzee wetu huyu hapa, Mzee Pazi, amepoteza mwenza. Akatuambia kwa uchungu kwamba basi lile halikuwa na kashata. Nikajiuliza, mimi kama mzazi: inawezekanaje mwananchi asafiri saa sita, katika nchi yenye nazi hizi, bila kashata?"

Makofi.

"Uchunguzi wa wataalamu umethibitisha kuwa abiria mwenye njaa huwa na hofu, na hofu huhama, ikamwingia dereva. Kuanzia leo, hakuna basi litakaloondoka hapa bila kashata! Iwe ya nazi, iwe ya karanga, serikali haina ubaguzi!"

Turubai likafunuliwa. Lori lilikuwa limejaa kashata. Sinia juu ya sinia.

Nikanyanyua mkono. "Mheshimiwa, nilisema kashata za tairi."

Waziri akamwinamia msaidizi wake, wakanong'onezana, uso wake ukafunguka.

"Mnamsikia mzee wetu? Ana moyo mkubwa! Anasema tusiwape abiria tu, tuyape na matairi! Imepita!"

Ikapita kweli. Jioni hiyo kila basi lilikuwa limefungiwa kashata tatu kwa kila tairi, kwa kamba ya katani, na Bwana Kilimba akawa anazunguka na fomu mpya kuhakikisha kwamba hazijaliwa. Siku ya pili yake sisimizi walikuwa wamejaa kwenye ringi. Mimi nilipewa sinia langu kama kifuta machozi. Nililiweka mezani, nikalitazama, nikawapa kuku.

Hedwiga alinifuata mpaka kijiweni kwangu, kwa miguu. "Baba, nisamehe. Nilidhani ndilo jina lake la heshima."

"Si kosa lako, mwanangu. Ndilo jina lake. Hawa wakubwa zako ndio wanaojua kashata kwa mdomo tu."

Akakaa juu ya tairi bovu, akaniuliza kashata ziko wapi hasa. Nikamwonyesha. Nikamwonyesha na vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mfereji, kwamba kashata zikilika mpaka zikawa sawa na kinundu, tairi ni la kutupa, usibishane nalo. Nikamwambia atazame upana wote: likilika pembeni kote kuwili, upepo ulikuwa mdogo; likilika katikati, upepo ulizidi; likilika upande mmoja, magurudumu hayakukaa sawa. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya ndugu yake.

"Kumbe linaonekana kwa macho," akasema.

"Linaonekana hata kwa kipofu. Anapapasa."

Ndipo akaniambia lililomleta. "Baba, yale matairi ya Tumeshafika, yamerudishwa kwa mwenye basi. Polisi wameandika kwamba hayakupasuka, kwa hiyo hayana hatia. La mbele kushoto limefungwa kwenye basi jingine. Linaanza kazi Alhamisi. Linakwenda Lutende."

*

Alhamisi nilifika stendi mapema na kopo la rangi nyeupe na brashi ninayopakia ringi. Kulikuwa na wingu. Basi lilikuwa limejaa, injini inanguruma, konda ni yuleyule, sikio moja limeshonwa nyuzi.

Nilipapasa tairi, sikuhitaji kuuliza kama ndilo. Nikachuchumaa nikaandika ubavuni mwake, herufi kubwa, moja moja, kama tulivyofundishwa darasa la pili: KIPARA.

Halafu nikasimama nikapiga kelele. Sauti haikuwa nzuri.

"Kipara! Tairi hili ni kipara! Limemuua mke wangu, shukeni!"

Muuza mayai akaweka ndoo chini. Konda akanitazama, akatazama tairi, akashika lile sikio lake.

"Mzee, utatuponza," akasema, lakini taratibu.

Mama mmoja mwenye kikapu akashuka wa kwanza. Nyuma yake mzee mwenye bakora. Halafu wakaanza kusukumana mlangoni, wengine wakatokea madirishani, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Neno walilielewa wote. Nilipowaona wanavyoshuka haraka hivyo nikaketi chini kwenye vumbi nikalia, kwa kuwa sasa nilijua kwa hakika ingechukua muda gani mwezi wa nne. Ingechukua pumzi moja.

Bwana Kilimba akaja mbio na askari wawili. Alinishika bega. "Umesema nini?"

"Umesikia."

"Mimi sijasikia! Naomba iandikwe kwamba mimi sijasikia!"

*

Mahakamani walikuwa wamenyoa Uongozi wote watatu: Hakimu Mfaume, karani wake na mwendesha mashtaka. Jua lilipopita dirishani chumba hakikuhitaji taa. Tairi langu lilikuwa juu ya meza kama kielelezo, lile neno limefunikwa kwa taulo.

Karani akasoma: "Kwamba wewe, Pazi Mwinchande, uliandika neno fulani juu ya kitu fulani kwa nia fulani. Unakubali au unakataa?"

"Neno gani?" nikauliza.

Karani akamtazama mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka akamtazama hakimu. Hakimu akatazama dari.

"Neno unalolijua," akasema.

"Mheshimiwa, mimi najua maneno mengi. Nikikubali bila kutajiwa, kesho si mtasema nimekubali la wizi?"

Watu nyuma wakaguna. Hakimu akagonga meza, akawatoa wote nje, akabaki na sisi. Halafu akavua miwani na kuongea kama jirani.

"Mzee wangu, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Unaona! Mtu wa darasa la tano anaweza kukosea herufi. Wewe ulitaka kuandika KIPAWA. Kwamba tairi hili lina kipawa. Mkono ukateleza, herufi moja tu. Karani atabadilisha hiyo herufi, kesi inafutwa, unakwenda kulala kwako. Mimi nina wajukuu, mzee. Wewe una nani?"

"Nina cheti," nikasema.

Hakuelewa. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa naelewa. Nilimkumbuka Hedwiga na kanuni yake: hati ya serikali, yenye mhuri. Wakiniachia, hakuna kitakachoandikwa, na Siwema atabaki amekufa kwa kusafiri. Wakinifunga, lazima waandike wamenifunga kwa nini.

"Mheshimiwa," nikasema, "mkono haukuteleza. Nakubali kosa. Lakini liandikwe kama lilivyo, na maelezo yangu yote, maana hata huko mahabusu nimeambiwa mtu akikubali kosa maelezo yake huandikwa."

Mwendesha mashtaka akasimama, akakaa, akasimama tena. "Haiwezekani! Serikali haiwezi kuliandika hilo neno!"

"Basi serikali haina kesi," hakimu akasema kwa uchovu. "Na Ofisi ya Mtukufu imepiga simu mara mbili kutaka hukumu kabla ya saa nane. Chagua wewe, bwana. Utapokea simu ya tatu?"

Yule bwana akakaa.

Nikawasomea polepole ili karani anifuate. Kwamba tairi la mbele kushoto la basi la Tumeshafika lilikuwa kipara. Kwamba halikuwa na mifereji ya kupitisha maji. Kwamba Mkaguzi aliliona na kulisifu. Kwamba mimi nililiona na kunyamaza. Kwamba kwa sababu hiyo Siwema binti Mgaya na wenzake kumi walikufa kwenye mteremko wa Nyang'anda. Kila tulipofika kwenye lile neno kalamu ya karani ilisimama.

"Mheshimiwa, kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo! Ndogo kadiri unavyoweza!"

Hakimu akaisoma hukumu kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Miezi tisa, na mafunzo ya msamiati kila Jumatano. Akagonga mhuri. Tairi likaamriwa libaki ghalani mwa mahakama, lisitoke tena, likiwa ushahidi wa uhalifu wangu. Ndilo tairi la kwanza kuondolewa barabarani katika nchi hiyo tangu sheria ipite. Nikaomba nakala ya hukumu, wakanipa, kwa kuwa mfungwa ana haki ya kujua alichofungiwa. Nikaituma kwa Hedwiga kwa mkono wa askari mmoja ambaye mama yake huwa anasafiri.

Alikuja siku ya wageni, mwezi wa pili wa kifungo changu. Kitambaa kilikuwa kingine, cha bluu, na pembeni ya sikio nywele zilikuwa zimeanza kuota. Tukakaa kila mtu upande wake wa wavu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akapitisha karatasi chini ya wavu. "Nimeandika kwa mkono, mashine imekataa. Msajili naye amekataa kusaini, nikasaini mimi. Kanuni inaniruhusu, nimeitafuta siku tatu."

Kusoma kwangu ni kwa kidole, kwa hiyo nilichelewa. *Siwema binti Mgaya. Mke wa Pazi Mwinchande. Sababu ya kifo: tairi kipara.* Chini yake mhuri, umekaa sawa, haujapinda hata kidogo. Nikarudia tena. Hedwiga hakunihimiza, alitazama pembeni akaniacha nijifute.

"Asante," nikasema. "Huko ofisini wanasemaje?"

"Hawasemi. Bwana Kilimba amekuja dawatini kwangu mara mbili kuniuliza jina langu la ukoo, na analijua vizuri." Akajaribu kucheka. Akasogeza uso karibu na wavu. "Baba, eti humu, upande wa wanawake, wanatoa blanketi?"

Nikamwambia ukweli, aje na lake.